Kabla Kamera Haijawashwa

"Wewe ni mume wake. Umerudi saa nane za usiku, yeye amekaa kwenye kochi anakusubiri. Mtagombana, halafu atavua pete aitupe chini. Umeelewa? Haya, twende!"

Kwa miaka mingi, maigizo ya runinga na filamu nyingi za video jijini Dar es Salaam zilizaliwa kwa maelekezo ya namna hiyo. Mwongozaji alikuwa na kisa kichwani, pengine amekiandika nusu ukurasa kwenye daftari, na maneno waliyajaza waigizaji wenyewe huku kamera inarekodi. Kundi la Kaole, ambalo maigizo yake yalirushwa na kituo cha ITV, lilikuza kwa njia hiyo kizazi kizima cha wasanii: Vincent Kigosi "Ray", Blandina Chagula "Johari", na Steven Kanumba, ambaye kifo chake cha Aprili 7, 2012 kililiza watu hadi nje ya mipaka ya Tanzania. Ilikuwa shule ngumu. Mwigizaji asiyejua kubuni neno papo hapo hakudumu.

Hata hivyo, mwigizaji hodari wa kubuni anajua kuuchochea ugomvi wa leo, lakini hana namna ya kujua ugomvi huo utamfaa nini mtazamaji saa moja baadaye. Matokeo yake watu wanayakumbuka: mhusika anawasha gari, anaendesha, anaegesha, anabisha hodi, anakaribishwa, anaulizwa hali, anajibu, analetewa juisi, na hadithi haijasogea hata hatua moja. Soko nalo lilisukuma mambo yaende hivyo. Filamu iliuzwa kwa diski mbili, sehemu ya kwanza na ya pili, na kisa kilichotosha diski moja kilivutwa mpaka kijaze zote mbili.

Aliyekosekana pale lokesheni ni mtu wa kukaa peke yake wiki nyingi kabla wengine hawajafika, akaamua nani anasema nini, wapi, na kwa sababu gani. Wengine humwita mwandishi wa muswada wa filamu. Mtaani na kwenye vibao vya ofisi za watayarishaji anaitwa mwandishi wa skripti, na vijana wengi wa Tanzania na Kenya leo wanauliza namna ya kuwa yeye.

Shule ya "itaendelea"

Si kweli kwamba Waswahili walikosa watu wa kuwatungia. Filamu ya "Girlfriend" ya mwaka 2003, moja ya kazi zilizofungua soko la video Tanzania, iliongozwa na George Tyson lakini iliandikwa na Sultan Tamba, mtu aliyekuwa mwandishi wa hadithi kabla ya kugusa filamu. Hammie Rajab, ambaye riwaya zake za kusisimua zilipita mikono mingi kabla ya kuchakaa, naye alihamia kwenye filamu za video. Riwaya za aina ile, pamoja na hadithi za mfululizo za magazetini, zilikuwa na sharti moja kali: sura iishe pale ambapo msomaji hawezi kuvumilia. Neno "itaendelea" limefundisha utunzi wa matukio kwa watu wengi kuliko darasa lolote.

Redio ilifundisha jambo jingine. Mwaka 1993 Radio Tanzania ilianza kurusha "Twende na Wakati", mchezo wa mfululizo ulioandikwa kwa makusudi ya kuzungumzia uzazi wa mpango na UKIMWI. Wasikilizaji walimfuata Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake njiani, na mkewe Tunu, ambaye taratibu alijifunza kusimama mwenyewe. Watafiti walitaka kujua kama maneno ya kutunga yanaweza kubadili mwenendo wa watu wa kweli, hivyo eneo la Dodoma liliachwa bila mchezo huo kwa miaka 2 ya mwanzo ili lilinganishwe na maeneo mengine. Tofauti ilionekana. Familia zilizousikiliza zilizungumzia na kutumia uzazi wa mpango zaidi. Hakuna aliyehubiriwa. Waandishi walimwacha Mkwaju avune alichopanda, kipindi baada ya kipindi, mpaka msikilizaji akaona mwenyewe.

Kijana anayeanza leo ana urithi huo nyuma yake. Ila redio ni ya sikio na gazeti ni la kusomwa. Skripti inaandikwa kwa ajili ya jicho, na hapo ndipo wengi wanapojikwaa, hata walioshinda mashindano ya insha tangu shule ya msingi.

Kamera haioni huzuni

Chukua mfano mdogo. Mwandishi wa riwaya anaweza kuandika kwamba Asha alihuzunika kwa kuwa mumewe alichelewa tena, na kwamba shaka ilianza kumtafuna moyoni. Ni sentensi halali kabisa. Lakini kamera haina mahali pa kuiweka, kwa sababu huzuni haina umbo na shaka haina rangi. Mwandishi wa skripti ataandika: Asha anafunika sahani mbili kwa kawa. Anatazama saa ya ukutani. Anafunua, anachukua sahani moja, anakula akiwa amesimama jikoni. Alfajiri. Sahani ya pili iko palepale, wali umekauka. Mtazamaji ameelewa yote, na Asha hajafungua mdomo.

Utamaduni wa Waswahili umejaa vitu vya aina hii, na inashangaza jinsi vinavyotumika kidogo. Kanga, kwa mfano. Jirani mmoja anaanika kanga mpya kwenye kamba, maandishi yakielekea dirisha la jirani mwenziwe. Kamera ikitua juu ya maandishi hayo kwa sekunde tatu, watazamaji wa Tanga, Mombasa na Unguja wanajua kwamba vita vimetangazwa. Mwandishi anayewafanya wanawake hao wasimame uani na kuelezana kwa kirefu kwa nini wamechukiana ameitupa silaha aliyoachiwa na bibi yake.

Salamu ni suala la pekee. Kiingereza kinaweza kumwingiza mtu chumbani kwa neno moja. Kiswahili kina hodi, karibu, shikamoo, marahaba, habari za huko, nzuri, watoto hawajambo. Robo ukurasa imekwisha. Ushauri wa kawaida ni kuingia kwenye sini, yaani onyesho moja la filamu, ikiwa imeshaanza, salamu zimeshapita. Lakini mwandishi mwenye masikio anajua pia wakati wa kuirudisha salamu hiyo na kuigeuza kuwa tukio lenyewe. Binti anaingia sebuleni, anamwamkia baba yake "shikamoo", kisha anamgeukia mama wa kambo na kusema "mambo?" Hapo hakuna haja ya kueleza chochote kuhusu nyumba ile. Vivyo hivyo mzee anayesubiri shikamoo isiyokuja, na ukimya unaofuata.

Kisha kuna sauti za wahusika. Kosa linaloua skripti nyingi za Kiswahili ni kuwafanya watu wote wazungumze kama watangazaji wa taarifa ya habari. Msusi wa Tandika, wakili wa Upanga, nahodha wa jahazi wa Lamu na mwanafunzi wa Eastlands hawapangi maneno kwa namna moja. Anayetaka kazi hii hana budi kukaa kwenye daladala, matatu, kijiweni na kwenye foleni ya hospitali akiwa na daftari, akisikiliza mahali watu wanapokatisha sentensi, wanapokwepa swali, wanapocheka bila sababu. Mazungumzo mazuri kwenye filamu ni yale ambayo mtu anasema jambo moja huku akiwa na jingine moyoni, na Waswahili, watu wa mafumbo na vijembe, wanaifanya kazi hiyo kila siku bila malipo.

Kuhusu umbo la kurasa zenyewe, hakuna uchawi. Skripti hupigwa kwa herufi za Courier za ukubwa wa 12, na kwa mpangilio huo ukurasa mmoja hukaribia dakika moja ya filamu. Filamu ndefu huwa na kurasa 90 hadi 120. Filamu fupi ya kujifunzia inafaa ikae chini ya 15. Kila sini hufunguliwa kwa mstari unaotaja kama tuko ndani au nje, mahali gani, mchana au usiku. Wengine hubaki na vifupisho vya Kiingereza, INT. na EXT.; wengine huandika NDANI na NJE. Mstari huo unaonekana mdogo, lakini ndio anaoutumia msimamizi wa uzalishaji kupanga siku za kurekodi, kwa sababu sini zote za sebuleni hurekodiwa pamoja hata kama zimeachana kwa kurasa 40. Anayeandika "NJE. BAHARINI – USIKU. MVUA" ajue ametumia fedha za mtu. Programu za kupangia kurasa zipo, nyingine za kulipia kama Final Draft, nyingine za bure kama Trelby, na wapo wanaoanza na simu ya mkononi. Hakuna mtayarishaji aliyewahi kununua hadithi kwa sababu ya programu iliyotumika kuipigia chapa.

Kinachomtenganisha mwandishi na mwenye ndoto tu ni rasimu ya pili. Ya kwanza humsaidia mtunzi kujua hadithi yake ni ipi. Ya pili ndiyo huanza kumhusu mtazamaji. Njia rahisi ya kuifikia ni kuwakusanya marafiki wanne au watano, kuwagawia nafasi, na kuisoma skripti kwa sauti mwanzo hadi mwisho mwandishi akiwa kimya. Mahali ambapo msomaji anajikwaa, au anapoanza kuchezea simu, panahitaji kalamu.

Milango iliyofunguka

Mwaka 2021 Netflix na UNESCO walitangaza shindano la filamu fupi zinazotokana na hadithi za jadi za Afrika. Walijitokeza zaidi ya washiriki 2,000 kutoka nchi 13. Walichujwa wakabaki 21, kisha 6. Kila mmoja wa hao sita alipata dola 25,000 za Marekani, na bajeti ya kutengeneza filamu yake. Watatu kati yao walitoka Afrika Mashariki: Voline Ogutu wa Kenya, Loukman Ali wa Uganda, na Walt Mzengi Corey wa Tanzania, aliyeleta "Katope", hadithi ya mtoto aliyefinyangwa kwa udongo na mama aliyetamani mwana. Filamu hizo zilianza kuonyeshwa Machi 29, 2023.

Jambo la kulitazama hapo ni nini kilichofika kwanza mezani kwa waamuzi. Kabla ya kamera, seti au waigizaji, kilifika kisa kilichoandikwa kwa muhtasari mfupi. Mtoto wa udongo katika nchi inayongojea mvua: mgogoro wote umo ndani ya picha hiyo moja, kwa sababu kila msikilizaji anajua mvua inaufanya nini udongo. Mtu anayeweza kuisimulia hadithi yake kwa sentensi mbili, na msikilizaji akauliza "halafu?", ameshafanya nusu ya kazi ya kuiuza.

Nairobi ina somo la aina nyingine. Kampuni ya One Fine Day Films, iliyoanzishwa na mwongozaji wa Ujerumani Tom Tykwer na Marie Steinmann, iliendesha mafunzo ambayo yalizaa filamu kamili. Ya kwanza, "Soul Boy" ya 2010, iliyorekodiwa Kibera na kuongozwa na Hawa Essuman, iliandikwa na Billy Kahora, ambaye wasomaji walimfahamu kama mhariri wa jarida la Kwani?. Ikafuata "Nairobi Half Life" ya 2012, chini ya David "Tosh" Gitonga, filamu ya kwanza ya Kenya kupelekwa kuwania tuzo ya Oscar ya filamu ya lugha ya kigeni. Miongoni mwa waandishi wake alikuwamo Serah Mwihaki. Kwa "Supa Modo" ya 2018, iliyoongozwa na Likarion Wainaina, skripti ilipita mikononi mwa kundi: Silas Miami, Mugambi Nthiga, Wanjeri Gakuru na Kamau Wandung'u. Watu hao walikuja kutoka majarida, jukwaa la maigizo na uandishi wa habari. Hawakusubiri kuitwa waandishi wa filamu ndipo waandike.

Tanzania nayo ina "Binti" ya 2021, hadithi za wanawake wanne wa Dar es Salaam, iliyoandikwa na Angela Ruhinda pamoja na Maria Shoo na kuongozwa na Seko Shamte. Ndiyo filamu ya kwanza ya Kitanzania kuingia Netflix. Ruhinda hakuishia kuandika akatafuta mnunuzi. Yeye na Alinanuswe Mwakalonge walianzisha kampuni yao, Black Unicorn Studios, na kuitengeneza wenyewe. Si kila mwandishi ana moyo wala mtaji wa kufanya hivyo, lakini katika nchi zenye watayarishaji wachache, mwandishi anayejua bajeti inavyopangwa ana nguvu zaidi mezani.

Njia nyingine iko kwenye rafu za vitabu. "Vuta N'Kuvute", riwaya ya Adam Shafi iliyotoka mwaka 1999, ilifika kwenye skrini mwaka 2021 baada ya Amil Shivji kuigeuza kuwa skripti akishirikiana na Jenna Cato Bass wa Afrika Kusini. Ikaonyeshwa kwa mara ya kwanza kwenye tamasha la Toronto. Aliyesoma kitabu na kuona filamu atapata darasa kamili la uandishi: Zanzibar ya miaka ya 1950 yenye watu chungu nzima imepunguzwa hadi macho yatulie juu ya Denge na Yasmin, na mengi yaliyosemwa kwa kurasa yamegeuka kuwa kivuli, ukuta na bahari. Kijana asiye na kisa chake bado anaweza kujifunza kwa kuchukua hadithi fupi anayoipenda na kuigeuza kwa mazoezi. Akitaka kuitengeneza kweli, atahitaji idhini ya maandishi ya mwenye haki.

Mafunzo yapo pia. Maisha Film Lab, iliyoanzishwa na mwongozaji Mira Nair mjini Kampala mwaka 2004, iliupa uandishi wa skripti nafasi ya mbele tangu mwanzo. MultiChoice Talent Factory, tangu 2018, imekuwa ikiwakusanya Nairobi vijana wa Kenya, Tanzania, Uganda na Ethiopia. Bagamoyo kuna chuo cha sanaa cha TaSUBa. Na kila mwaka tamasha la filamu la ZIFF huko Unguja huwakutanisha watu ambao barua pepe haziwafikii.

Karatasi na sahihi

Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya Tanzania ni ya mwaka 1976, na anayeomba kibali cha kutengeneza filamu hupeleka skripti Bodi ya Filamu. Kwa hiyo hata kampuni iliyozoea kubuni maneno lokesheni inahitaji mtu wa kuandika. Mwandishi mchanga anaweza kuingia kwa mlango huo, akiitwa haraka kuandika kitu cha kupeleka ofisini, kisha kitu hicho kikawa filamu bora kuliko ile iliyokusudiwa.

Hakimiliki inahitaji kueleweka mapema. Sheria ya Tanzania ya 1999 inailinda kazi iliyoandikwa tangu inapoandikwa, na ulinzi huo huendelea miaka 50 baada ya kifo cha mtunzi. Wazo tupu halilindwi. Mtu aliyesimulia kisa chake kwenye mgahawa Sinza na kukiona runingani mwaka unaofuata ana uchungu wa haki, lakini hana cha kuonyesha mahakamani. Aliyeandika kurasa 90, akazisajili kwenye ofisi ya hakimiliki, COSOTA au, kwa Kenya, KECOBO, na kuzituma kwa barua pepe yenye tarehe, ana ushahidi. Mkataba nao useme malipo yanatoka kwa awamu zipi, ni rasimu ngapi zinazotarajiwa, nini kitatokea filamu ikiuzwa nje, na jina la mwandishi litaandikwa wapi. Hilo la jina lisionewe haya. Watazamaji wa Bongo wanawajua waigizaji kwa majina ya utani, lakini ni wachache wanaoweza kumtaja mwandishi mmoja wa tamthilia wanayoifuata miaka nenda rudi, na kosa si la watazamaji.

Na ni tamthilia, kuliko filamu ndefu, inayowalipa waandishi wengi kwa sasa. Chaneli kama Maisha Magic Bongo, Maisha Magic East na Sinema Zetu ya Azam zinahitaji vipindi wiki baada ya wiki. "Huba" na "Jua Kali" kwa Tanzania, "Selina" na "Maria" kwa Kenya, zilijengwa juu ya kurasa zisizokoma. Leah Mwendamseke, maarufu kama Lamata, aliyeiongoza "Jua Kali", ni mmoja wa wanawake waliothibitisha kwamba anayeishika hadithi ndiye anayeshika kazi nzima. Kazi hii hugawanywa: mmoja hupanga safari ya hadithi ya msimu, wengine huvunja vipindi kuwa sini, wengine huandika mazungumzo. Anayeanza hupewa mazungumzo. Atajifunza kuandika kwa sauti isiyo yake, kwa wahusika asiowatunga, kwa tarehe isiyosogezwa.

Atajifunza pia kwamba hadithi ina mwili unaoumwa. Ijumaa jioni simu inalia: mwigizaji wa nafasi ya mama mkwe amelazwa, hatarekodi wiki mbili, na yumo katika sini 11. Waandishi wanakaa. Anaweza kusafiri kwenda Tabora kumuuguza dada yake? Basi nani atakayeipata ile barua iliyofichwa chini ya godoro lake? Mfanyakazi wa ndani, anayekuja kutandua mashuka. Je, anajua kusoma? Hapo wote wanakaa kimya, kwa sababu ghafla mhusika ambaye kwa vipindi 30 alikuwa akileta chai tu amekuwa mtu mwenye siri mkononi, na hadithi imepata njia ambayo hakuna aliyeipanga. Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi kurasa mpya zinafika lokesheni, wino haujakauka vizuri, na binti aliyezoea kubeba sinia anaambiwa kwamba leo ana maneno ya kukariri.